Mtoto Mdogo Anenapo, Sikiliza Kwanza

Sisi wakulima na makarani tunapokutana, mazungumzo yetu hayakosi mambo matatu: mvua, bei ya mazao na karo ya shule. Hayo ni mambo ya maana, wala sina nia ya kuyadharau. Lakini liko jambo jingine ambalo kila mzazi analo nyumbani mwake bila kulinunua, nalo ni maneno ya watoto wadogo, hasa wale wenye umri wa miaka 2 hadi 6. Maneno hayo hutuchekesha jioni, na ifikapo asubuhi tumekwisha kuyasahau. Mimi naona yafaa yawekwe na kufikiriwa, kwa maana ndani yake mna akili nyingi kuliko tunavyodhani. Tena mara nyingine mna habari zetu wenyewe, ambazo mtu mzima hawezi kutuambia kwa kuwa anatuonea haya.

Mimi nimelea watoto wanne katika milima ya Taita, na sasa ninao wajukuu. Kwa miaka mingi nilikuwa karani mjini Mombasa, na mke wangu alikaa na watoto shambani, karibu na Wundanyi. Kazi ya ukarani humzoeza mtu kuandika kila kitu. Basi nikawa na daftari dogo lisilo la ofisi, ambamo niliandika maneno ya watoto, tarehe, na umri wa aliyesema. Mengi ya haya nitakayoyasimulia nimeyatoa katika daftari hilo.

Nianze na lugha. Mwaka 1976, mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miaka 3, aliniona nikipanda njia ya kuja nyumbani, akakimbia jikoni akipiga kelele: "Mama, Mama, Baba amenjoo!" Jirani aliyekuwapo alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini natutazame jinsi mtoto huyo alivyofikiri. Alikuwa ameambiwa mara nyingi "Lala!", na alipolala akasikia watu wakisema "Amelala." Alikuwa ameambiwa "Simama!", na watu wakasema "Amesimama." Na kila siku alikuwa akiitwa "Njoo!" Je, mtu aliyeitika wito huo akafika, amefanya nini? Amenjoo. Hakuna mtu mzima aliyepata kumtamkia neno hilo, kwa hiyo hakuwa akiiga. Alilitengeneza mwenyewe kwa kufuata kanuni, na lugha yetu ndiyo iliyoiacha kanuni yake katika neno hilo moja.

Mtoto wa pili alinipa neno ambalo silisahau. Alikuwa na miaka 4, na alikwisha kujua kwamba mlima mdogo ni kilima, na kapu dogo ni kikapu. Usiku mmoja alinikuta mezani, mbele yangu pana daftari kubwa la hesabu za nyumbani. Akaleta kitabu chake cha picha, akakiweka kando ya daftari langu, akavipima kwa macho, kisha akasema, "Baba, changu ni kitabu. Lako ni tabu." Usiku huo nilikuwa nikihesabu karo ya muhula uliokuwa ukija, na sikuwa na neno la kumpinga.

Huenda msomaji akasema kwamba huo ni mchezo wa mtoto tu. La, hasha. Neno "kitabu" tulilipata kutoka kwa Kiarabu, na katika Kiarabu sauti ile ya mwanzo ni sehemu ya neno lenyewe, wala si kiambishi. Lakini wazee wetu waliolipokea walilisikia kama "kisu" na "kiti", wakasema "vitabu" vilipokuwa vingi, na leo hakuna anayewacheka. Vivyo hivyo maneno ya Kiingereza yaliyowaagiza madereva washike kushoto kwenye mzunguko wa barabara yaligeuka yakawa "kipilefti", na mizunguko ilipokuwa miwili ikaitwa "vipilefti". Tena kipande cha bati kinachozuia matope ya gurudumu la baiskeli kilikuja na jina moja la Kiingereza, watu wakasikia "madigadi", wakaona mwanzo wake ni kama wa "madirisha", wakalikata: digadi moja, madigadi mawili. Basi mtoto yule aliyeniambia "tabu" alipita njia ile ile waliyoipita watu wazima wa Afrika Mashariki. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wengi, naye alikuwa peke yake, amevaa kaptura.

Mabingwa wa elimu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1958 mtaalamu mmoja wa Marekani, Jean Berko, alitangaza uchunguzi alioufanya kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Aliwaonyesha picha ya mnyama asiyekuwako duniani, akampa jina la kubuni, wug. Kisha akawaonyesha wanyama hao wawili, akawataka watoto waseme ni nini. Wengi walitamka wingi wa neno hilo kwa kanuni ya Kiingereza sawasawa, ingawa hawakuwa wamelisikia maishani mwao. Ikaonekana wazi kwamba mtoto hakariri maneno kama kasuku. Huchukua maneno machache anayoyasikia, akatafuta sheria iliyo ndani yake, kisha akaitumia sheria hiyo mahali papya.

Na kama afanyavyo katika lugha, ndivyo afanyavyo katika mambo ya dunia. Usiku mmoja wa mbalamwezi nilikuwa nikitoka kumsalimu ndugu yangu, nimembeba mwanangu mabegani. Tulikwenda kitambo bila kusema, kisha nikasikia sauti juu ya kichwa changu: "Baba, mwezi unatufuata." Nikamwuliza amejuaje. Akajibu, "Tulipokuwa kwa Baba Mdogo ulikuwa juu ya mti wao. Sasa umekuja juu ya mti wetu." Akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa huruma, "Mwambie arudi, mama yake atamtafuta."

Bwana Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyeishi tangu mwaka 1896 hadi 1980, aliwauliza watoto wengi wa nchi za kwao juu ya jua, mwezi, upepo na mawingu, akapata majibu yanayofanana na hili. Watoto wa huko nao walimwambia kwamba jua na mwezi huwafuata wanapotembea. Naye mwandishi wa Urusi, Kornei Chukovsky, aliyefariki mwaka 1969, alikusanya kwa miaka mingi maneno ya watoto wa miaka 2 hadi 5, akitumiwa barua na wazazi kutoka pande zote za nchi yake, akayatolea kitabu. Ninayataja hayo ili msomaji ajue kwamba mwanawe asemapo jambo la ajabu hajapotewa na akili. Watoto wa Uswisi, wa Urusi na wa Taita wanatembea chini ya mwezi mmoja, nao wanaona kwa macho yao kwamba haubaki nyuma. Sisi tunajua zaidi kwa sababu tulifundishwa shuleni, si kwa sababu macho yetu ni bora.

Sasa nije kwenye mambo ya adabu. Katika sehemu nyingi za Kenya tuna desturi ya kumpa mtoto jina la babu au nyanya yake, na kwa ajili ya heshima ya jina hilo mama humwita mwanawe mdogo "Baba". Siku moja mke wangu alimkuta mtoto wetu wa pili amemwaga maziwa yaliyokuwa tayari kupelekwa kuuzwa. Akachukua ufito. Mtoto akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama mama yake usoni, akauliza, "Mama, si wewe huniita Baba?" Mama akasema, "Ndiyo." "Basi wewe humchapa baba yako?" Mke wangu alisimama na ufito wake mkononi, asijue la kufanya. Mwishowe akaenda kuuchoma moto, na yule Baba akapewa kitambaa apanguse sakafu. Aliipangusa vizuri, kama mtu aliyeshinda kesi lakini anayelipa gharama.

Watoto wa siku hizi nao wana hoja zao. Tangu mwaka 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanza katika Kenya, wajukuu wetu wamekua wakiona fedha zikiingia na kutoka katika simu. Mjukuu wangu mmoja wa kike, mwenye miaka 4, alimwomba mama yake amnunulie viatu vyekundu. Mama yake akasema hana pesa. Mtoto akamwambia, "Zitoe kwenye simu." Mama akajibu kwamba katika simu nazo zimekwisha. Mtoto akafikiri sana, kisha akatoa shauri: "Basi simu hiyo ni mbovu. Tumia ya Babu." Shauri hilo lililetwa kwangu, na viatu vikanunuliwa. Lakini tazameni tena: yeye hakupata kuona jembe likilimwa ili fedha hizo zipatikane. Alichoonyeshwa ni simu, na hesabu yake aliianzia hapo. Mtoto huyo alipokuja shambani wakati wa likizo, nilimpa kikapu kidogo, tukachuma maharagwe, tukayapeleka sokoni pamoja, akashika fedha kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo husema, "Babu huchuma pesa shambani, halafu huziweka kwenye simu."

Hapa ndipo nafikia neno langu kuu. Mtoto hujenga kwa miti aliyopewa. Akisema jambo linalochekesha au linaloumiza, mara nyingi hoja yake imenyooka, na kilichopungua ni yale tuliyompa ya kuhesabia. Kwa hiyo mzazi akisikiliza kwa makini, atasikia jinsi nyumba yake inavyoonekana na mtu mwenye kimo cha futi tatu.

Nitatoa mfano. Wakati ule wa kazi yangu ya Mombasa, nilikuwa nikija nyumbani mwisho wa mwezi. Nilipanda gari la moshi la usiku hadi Voi, na kutoka Voi nikapata gari la kupanda mlima. Nilikaa siku mbili, na siku ya Jumapili jioni nikafunga mzigo. Jumapili moja, katika mwaka 1983, binti yangu wa tatu, mwenye miaka 5, alitaka nimchongee mwiko wa kuchezea. Mama yake akamwambia, "Mwache Baba, anarudi Mombasa sasa hivi." Mtoto akasimama mlangoni, mikono nyuma. Akasema, "Baba, mimi nikienda dukani, hurudi nyumbani. Ng'ombe akienda malishoni, hurudi zizini. Wewe unarudi Mombasa. Kwani kwenu ni Mombasa, na hapa huja kututembelea?"

Nyumba nzima ilinyamaza. Mama yake aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. Mimi nilimketisha juu ya mzigo wangu, nikamwambia, "Mwanangu, kwetu ni hapa. Mombasa naenda, hapa ndipo ninaporudi." Akalifikiri neno hilo, akaona ni sawa, kisha akasema, "Basi mwambie Mama aseme vizuri."

Tangu siku hiyo, katika nyumba yetu hakuna aliyesema tena kwamba Baba anarudi Mombasa. Ilikuwa "Baba anakwenda Mombasa" na "Baba anarudi nyumbani", hata katika barua alizoniandikia mke wangu. Msomaji ataona kwamba ni neno moja tu lililobadilishwa, wala mshahara haukuongezeka, wala siku za likizo. Lakini binti yule hakusimama tena mlangoni namna ile.

Swali lake halikuwa la nyumba yetu peke yetu. Babu zetu waliokwenda kufanya kazi mijini na katika mashamba makubwa wakati wa ukoloni waliacha jamaa zao nyuma, na sababu moja ilikuwa mshahara wenyewe. Kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya ilitoa taarifa yake mwaka 1954, ikaeleza kwamba mshahara wa chini ulikuwa ukipimwa kwa mahitaji ya mwanamume aliye peke yake, ikashauri upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye mke na watoto. Miaka mingi imepita tangu hapo, na hata leo wako baba na mama wengi ambao kazi imewaweka mbali na watoto wao. Kwa hao nasema: ulizeni nyumbani watoto wanasemaje juu yenu mnapokuwa hamko. Mtapata taarifa isiyo na upendeleo.

Mfano wa mwisho ni wa msiba. Mwaka 1987 mama yangu mzazi alifariki, tukamzika shambani, chini kidogo ya migomba. Kitinda mimba wetu alikuwa na miaka 4. Alikuwa amempenda sana nyanya yake, na katika msimu uliopita walikuwa wamepanda pamoja kitalu cha nyanya, yaani zile za mboga, mwanamke yule mzee akitia mbegu na mtoto akifunika kwa udongo. Siku ya pili baada ya maziko, wazee walikuwa wamekaa uani kimya, kama ilivyo desturi. Mtoto akaja akasimama mbele yangu akasema, "Baba, tukipanda nyanya huota. Nyanya tuliyempanda jana ataota lini?"

Hakuna aliyecheka, ingawa neno lenyewe lingeweza kuchekesha siku nyingine. Shangazi yangu, aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi, ndiye aliyemwita mtoto akampakata. Akamwambia, "Mjukuu wangu, nyanya ya mboga huota kwa mbegu. Nyanya yako hataota tena. Lakini kazi aliyokufundisha mikono yako inaijua." Mtoto akauliza, "Hata nikimwagilia maji?" Shangazi akasema, "Hata ukimwagilia." Wakakaa hivyo muda mrefu. Msimu wa mvua ulipofika, mtoto yule ndiye aliyetukumbusha kutengeneza kitalu, na alituonyesha jinsi ya kufunika mbegu kwa udongo, kidole kimoja tu, kama alivyofundishwa.

Nimemsifu shangazi yangu mara nyingi kwa jibu lile. Hakumwambia mtoto kwamba nyanya amesafiri, wala kwamba amelala, kwa maana aliyesafiri hungojwa, na aliyelala huamshwa. Mtoto angeyashika maneno hayo na kuyatumia, kama alivyoushika upandaji wa mbegu. Alimpa neno la kweli ambalo angeweza kujengea, kisha akamweka kifuani.

Najua wako wazee watakaosema kwamba kumsikiliza mtoto sana ni kumfundisha kiburi, na kwamba zamani mtoto hakuthubutu kusema mbele ya wakubwa. Ninawaheshimu, nami pia nachukia mtoto mjeuri. Lakini ujeuri na udadisi ni vitu viwili mbalimbali. Mjeuri anajua jibu na hataki kulifuata. Mdadisi hana jibu na anakuja kulitafuta kwetu. Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga, wala hawakutaja umri wa mwenye kuuliza. Mtoto akizomewa mara tatu kwa maswali yake, mara ya nne hataacha kufikiri. Ataacha kutuambia tu. Na atakapofika miaka 15, tutakapotamani sana kujua aliyo nayo moyoni, tutamkuta amezoea kunyamaza.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu kwa wazazi vijana. Kwanza, mtoto akisema jambo la ajabu, mwulize, "Umejuaje?" kabla ya kumcheka au kumsahihisha, na hoja yake itajitokeza. Pili, usimlazimishe kulirudia neno lake mbele ya wageni ili wacheke. Yeye alilisema kwa bidii, na akiona limekuwa kichekesho ataona haya. Kama unataka kucheka, cheka naye akicheka, au ngoja alale. Tatu, nunua daftari. Andika neno lenyewe kama alivyolitamka, bila kulinyoosha, pamoja na tarehe. Kumbukumbu ya mzazi ni kama debe lililotoboka, na maneno haya hayarudi.

Tena hayakai muda mrefu. Mtoto akianza shule huelewa upesi kwamba mtu husema "amekuja", kwamba kitabu kikubwa ni kitabu vilevile, na kwamba mwezi hauna mama. Hilo ni jema, nasi twampeleka shuleni kwa ajili hiyo. Lakini katika ile miaka michache kabla ya hapo, kila nyumba yenye mtoto ina mtu mmoja anayetazama mambo yetu yote kwa mara ya kwanza, na kutuambia wazi ayaonayo. Mzazi mwenye busara atamwekea kigoda karibu naye, amsikilize.